Boma la Magogo

Nyumba zina desturi ya kuwashinda wajenzi wao kwa umri, na maneno yana desturi ya kuzishinda nyumba. Jambo hili nalijifunza nyumbani kwetu Bomani, katika mji wa Tarime, kwa gharama ambayo sikuitazamia. Naliandika hapa kwa sababu lilipotukia nalikuwa mwandishi wa upande mmoja, na haki yataka upande wa pili nao uandikwe kwa mkono ule ule.

Aliyezaliwa Bomani haulizi jina la kata yake limetoka wapi. Boma ni serikali. Mtu asemapo kuwa anakwenda bomani, ajulikana kuwa ana shauri la kodi, au la kiwanja, au la cheti. Mwanamume na mwanamke wafungapo ndoa mbele ya msajili, kama Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inavyoruhusu, watu husema wameoana bomani, hata kama ofisi yenyewe ni chumba kimoja chenye meza na kalamu. Lakini mimi tangu utoto wangu nalikuwa na boma jingine lisilokuwa na bendera wala karani. Lilikuwa nyuma ya nyumba yetu, limejengwa kwa magogo, nalo alilijenga babu yangu mzaa baba.

Msomaji ambaye hakuliona naomba alione hapa. Lilikuwa duara ambalo mtu akipita katikati huhesabu hatua thelathini. Ukuta wake ulikuwa wa safu mbili za magogo yaliyosimamishwa bega kwa bega, mengi yakiwa ya mzeituni wa mwituni, mti mgumu ambao shoka hulia juu yake kama nyundo juu ya chuma. Kati ya safu hizo mbili palikuwa na nafasi ya dhiraa moja, nayo ilishindiliwa mawe na udongo. Mlango ulikuwa mmoja, mfupi, ili kila aingiaye ainame, na usiku ulizibwa kwa miti minene iliyolazwa kukingama. Upande wa magharibi, ubavuni mwa ukuta, palikuwa na kibanda cha ndama, nacho kilikuwa cha magogo vile vile, ila paa lake la nyasi lilikwisha kubadilishwa kuwa bati nilipopata akili.

Babu alikuwa akinieleza kazi ile kwa fahari ya fundi. Kila gogo, kabla ya kusimamishwa, kitako chake kiliwekwa motoni mpaka kikawa cheusi kwa kina cha kidole, kwa maana mchwa hapendi makaa. Kisha lilikokotwa na maksai mpaka shimoni. Shimo lilifika kiunoni pa mtu. "Gogo moja ni kuni," alikuwa akisema, "lakini magogo yaliyosimama pamoja ni ukuta."

Fundi yule hakujifunza yote kwa baba zake. Alikuwa askari wa jeshi la Waingereza la King's African Rifles, na mwaka 1944 alikuwa Burma, miongoni mwa maelfu ya vijana wa Afrika ya Mashariki waliopelekwa kupigana na Wajapani katika misitu yenye mvua isiyokoma. Huko aliona mahandaki ya adui yaliyofunikwa kwa magogo na udongo, ambayo risasi ilikuwa ikiyapiga bila kuyadhuru. Aliporudi nyumbani mwaka 1946 alikuwa na koti, kovu la goti, fedha za kununulia mitamba michache, na maarifa hayo. Basi boma letu, ambalo wageni walilitazama wakasema ni ujenzi wa kale wa Wakurya, kwa nusu yake lilikuwa la Burma.

Sababu ya ukuta mnene namna ile ilijulikana na kila mtu. Katika nchi yetu ng'ombe ni mali, ni mahari, ni heshima. Kwa hiyo ng'ombe ni vita pia. Na wizi wa mifugo ulipewa msaada na watu ambao hawakumwona ng'ombe wetu hata mmoja. Mwaka 1886 Waingereza na Wajerumani walikubaliana juu ya mstari utokao pwani, katika mdomo wa mto Umba, mpaka ziwani katika latitudo ya digrii moja kusini ya ikweta. Mstari huo uliwakata Wairege, Wanyabasi, Wakira na Wagumbe, kila ukoo ukawa na nusu yake upande wa Ujerumani na nusu upande wa Uingereza. Vita vya Ulaya vilipoanza mwaka 1914, majeshi yalivuka mstari ule ule. Wajerumani waliingia Kisii na kupigana huko tarehe 12 Septemba, na Januari ya 1915 Waingereza wakaishika Shirati kando ya ziwa. Vita vilikwisha, wenye kuitawala nchi wakabadilika, lakini mstari ulibaki. Ng'ombe aliyeibwa kwetu jioni aliweza kuamkia katika nchi nyingine, na mwenye kumfuata akahitaji ruhusa ambayo mwizi hakuihitaji. Babu alijenga kwa sababu hiyo, na hata alipokufa hakuwa amepoteza ng'ombe kwa mkono wa usiku.

Kila mara alipomaliza masimulizi haya aliongeza maneno mamoja, hayabadiliki: "Nilipofika hapa palikuwa na msitu na nyati. Mtu hakuwapo." Sisi wajukuu tuliyapokea kama mtoto apokeavyo jina lake. Yalikuwa sura ya kwanza ya kitabu cha ukoo wetu.

Nilipokwenda chuoni nalichukua habari ya boma pamoja nami, nikaanza na neno lenyewe. Katika shule moja niliyosoma, mwalimu alikuwa ametufundisha kuwa boma ni ufupisho wa maneno manne ya Kiingereza yahusuyo utawala wa Waingereza katika nchi za ng'ambo. Maelezo hayo yamesambaa mpaka Malawi na Zambia, na watu wazima huyaapia. Lakini si kweli. Stanley, katika kitabu cha safari zake alichokipiga chapa mwaka 1878, aliliandika neno hili kwa maana ya ua wa miti na miiba uliozunguka kambi. Kamusi ya Krapf ya mwaka 1882 inalo. Wakati huo Waingereza hawakuwa na ofisi hata moja ya kutawalia nchi yetu. Jengo liitwalo leo Boma la Kale huko Dar es Salaam lilijengwa mwaka 1866 na 1867, zamani za Sultani Majid. Wajerumani walipokuja walijenga ngome zao za mawe, kama ile ya Arusha iliyokamilika mwaka 1900 na ambayo sasa ni makumbusho, au ile ya Ikoma, juu ya kilima, upande wa Serengeti. Watu walizitazama kuta hizo, wakauliza moyoni ni kitu gani kinachozuia walio nje na kuwalinda walio ndani, wakazipa jina la ua wa ng'ombe. Serikali ililipokea jina, ikakaa nalo. Kwa hiyo boma la babu na boma la mkuu wa wilaya si maneno mawili yaliyofanana kwa bahati. Ni neno moja, na la ng'ombe ndilo kubwa kwa umri.

Nalifurahi kwa ugunduzi huu kuliko ulivyostahili. Nalijiona nimeupata mzizi. Nami nalikuwa sijaanza kuchimba.

Mwaka 2012 baba yangu mdogo aliniita nyumbani kwa mambo mawili. La kwanza, mji ulikuwa umetukaribia. Alitaka kulivunja boma, ajenge vyumba vya kupangisha. La pili lilikuwa zito. Jamaa mmoja jirani, wa ukoo mwingine, walikuwa wakidai kuwa sehemu ya mashariki ya ardhi yetu, pamoja na mahali liliposimama boma, ni maskani ya wazee wao, na kwamba makaburi yao yamo humo. Shauri lilikuwa limefika baraza la kata. Baba mdogo hakuwa na hati ya zamani, wala jirani hakuwa nayo. "Lakini sisi tuna magogo," alisema. "Mura, wewe ndiwe msomi wetu. Andika habari ya magogo, baraza lijue nani alitangulia. Likiisha shauri, tutayang'oa."

Mambo hayo mawili yalipingana, naliyaona; atakaye kuyatumia magogo kama shahidi alikuwa tayari kumzika shahidi wake siku ya pili. Walakini nalikubali, kwa tamaa yangu mwenyewe. Nalitumaini kuwa maandishi yangu yakilishinda baraza, yatamshinda na baba mdogo, na boma litabaki.

Naliandika kurasa nane. Nalieleza neno, mpaka, vita, Burma, na vitako vilivyochomwa. Nalitafuta mfano wa dunia, nikaupata Marekani, nchi ambayo nyumba ya magogo ni kama hati ya kuzaliwa kwa taifa. Ujenzi huo uliletwa huko na Waswidi na Wafini waliofika katika bonde la mto Delaware mwaka 1638, hata ukawa ndio alama ya kila mlowezi aliyeingia msituni na shoka. Abraham Lincoln alizaliwa mwaka 1809 katika kibanda cha magogo huko Kentucky, na kibanda hicho, nikaandika, kimewekwa ndani ya jengo la mawe na marumaru lililofunguliwa mwaka 1911, ili watu wakitazame na kuvua kofia. Nikamaliza kwa kuuliza: ikiwa wao wanaenzi mwanzo wao namna hiyo, kwa nini sisi tuutilie shaka mwanzo wa mzee wetu?

Usiku uliotangulia siku ya baraza nalimsomea bibi. Alikuwa mjane kwa miaka mingi, macho yake yamepungua nuru, lakini masikio yake yalikuwa mazima. Nalimfasiria kwa Kikurya ukurasa baada ya ukurasa. Baba mdogo alikaa karibu na mlango, akitikisa kichwa kwa ridhaa. Nilipokwisha, bibi alinyamaza muda mrefu, kisha akauliza:

"Na jiwe, umeliandika?"

Nikauliza jiwe gani.

"Jiwe la kusagia. Liko chini ya ukuta, upande wa mlango, kwa ndani."

Baba mdogo akasema kuwa mama amechoka, na alale. Bibi hakumjibu. Alisema nami. Alieleza kuwa babu alipofika mahali pale hakukuta msitu mtupu. Alikuta vishimo vya nyumba zilizokwisha kuoza, na mawe matatu ya jiko yakiwa yamekaa yalivyoachwa, na jiwe la kusagia lililolika katikati kama unyayo. Wazee wa jirani walimwambia kuwa watu wa hapo walihama zamani, mwaka wa njaa, wakisema watarudi. Babu aliyang'oa mawe, akayashindilia kati ya safu za magogo. La kusagia, kwa kuwa lilikuwa kubwa na bapa, aliliweka chini, likabeba ukuta.

"Mimi nililetwa hapa magogo yamekwisha kusimama," bibi alisema. "Sikujua neno. Siku moja alikuja mwanamke mtu mzima, ametembea kutoka mbali. Hakudai ardhi. Alisema mama yake aliacha jiwe la kusagia hapa, naye analitaka. Babu yako alimwambia hapana jiwe. Yule mwanamke alinitazama mimi. Nilikuwa natwanga. Usiku wa kuamkia siku ile babu yako alikuwa amenionyesha jiwe, akacheka kuwa ukuta wake umekaa juu ya ugali wa watu. Nami nikaendelea kutwanga. Nilikuwa mke mpya, sina mtoto, na neno la mke asiye na mtoto ni jepesi. Sasa nina wajukuu wasiohesabika, na neno langu limekuwa zito, linanielemea."

Baba mdogo aliondoka bila kuaga. Mimi nalikaa na kurasa zangu nane magotini.

Alfajiri nalikwenda bomani, kwenye boma letu, na jembe na taa. Nalichimba mahali aliponielekeza. Haikunichukua saa. Kwanza nilipata udongo mwekundu, kisha changarawe, kisha jembe likagonga, nikajua kwa mlio. Nalisafisha kwa mikono mpaka nikaona ule mbonyeo laini, kazi ya miaka mingi ya mikono ya wanawake niliyoambiwa kuwa hawakuwapo. Juu yake gogo la babu lilikuwa limesimama.

Asikose msomaji kuyajua niliyoyafikiri, kwa kuwa si ya kunipa sifa. Nalifikiri kulifukia. Bibi alikuwa mzee, na ushahidi wa mzee hukataliwa kwa adabu. Baba mdogo asingesema. Kurasa zangu zilikuwa nzuri. Na ndani yake hapakuwa na uongo hata mmoja wa kwangu. Nilikuwa nimeyaandika niliyoambiwa. Lakini aliyeambiwa jambo jana na kuliona jingine leo, akaliandika la jana, huyo hanakili tena. Anashuhudia, na ushahidi wake ni wa uongo.

Nalilikumbuka na jambo jingine, nikaona haya maradufu. Habari ya kibanda cha Lincoln nalikuwa nimeisoma nusu. Niliisoma tena mpaka mwisho, nikakuta kuwa mwaka 2004 wataalamu walipima pete za miti ya magogo yale, wakaona yalikatwa katika miaka ya 1840, wakati Lincoln alikuwa mtu mzima anayefanya kazi ya uwakili. Kibanda kile ni mfano tu, na wenye kukitunza husema hivyo waziwazi. Taifa kubwa lilijenga hekalu la mawe juu ya magogo yasiyokuwa yenyewe, kwa kiu ya kuwa na mwanzo. Wao walipoujua ukweli hawakulibomoa hekalu, wala hawakuuficha ukweli, walibadili maelezo. Mimi nalikuwa na saa tatu za kubadili yangu.

Nalikwenda barazani na kurasa tisa. Ya tisa ilikuwa fupi. Ilisema kuwa babu yangu alijenga boma kwa mikono yake na alikaa hapo kwa haki ya jasho lake, lakini hakuwa wa kwanza. Kwamba jiwe limeonekana. Na kwamba mwanamke mmoja alikuja kulidai akarudishwa mikono mitupu. Nalisoma nimeinamisha uso. Nilipouinua nalimwona mzee wa upande wa pili ameweka fimbo chini. Aliuliza neno moja tu, kama jiwe limelika zaidi upande mmoja. Nikasema ndiyo, upande wa kushoto. Akasema mama yake alikuwa akieleza kuwa bibi yao alitumia mkono wa kushoto.

Wapatanishi walitusuluhisha kwa muda wa siku mbili. Jirani zetu waliachiwa upande wa mashariki wenye makaburi, nasi tukabaki na nyumba na sehemu ya magharibi. Jiwe walilichukua siku ile ile, vijana wanne wakilibeba kwa zamu. Baba mdogo alipata nafasi ya vyumba vitatu alipokuwa amepiga hesabu ya vinane. Hakusema nami kwa miaka miwili, wala simlaumu. Yeye alitaka vyumba kwa ajili ya ada za watoto wake, na mimi nalimtoza bei ya jambo alilolitenda baba yake.

Baadaye nalisafiri kupitia Sirari mpaka Migori, nikaenda kuiona Thimlich Ohinga, maskani yenye kuta za mawe makavu yaliyopangwa bila udongo wa kuyashikisha, ambayo wataalamu huyakisia kuwa yalijengwa katika karne ya 16, na ambayo mwaka 2018 yaliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia. Kuta nyingine zazidi mita nne kwa kimo. Lakini ndani ya kuta, zilipokuwa nyumba za miti na udongo, pamebaki vishimo vya duara tu kwenye nyasi. Nalisimama kando ya kimoja, nikakijua. Ni kama vile alivyovikuta babu yangu. Waliojenga kwa mawe tunawaita historia. Waliojenga kwa miti tunaviita vishimo vyao msitu, kisha tunasema mtu hakuwapo.

Kuna wanaosema walowezi ni Wazungu peke yao. Katika vitabu ni kweli kuwa neno hilo hutumiwa hivyo. Lakini kila afikaye mahali na shoka hujaribiwa na jaribu lile lile, la kutangaza kuwa saa ya ulimwengu ilianza alipoteremsha mzigo wake. Babu yangu nampenda. Alikuwa jasiri, fundi, mlezi. Alifanya kosa moja la wazi, alipomrudisha yule mwanamke. Na la pili lililotokana na la kwanza, alipotufundisha sisi maneno yale. La kwanza limekwisha lipwa kadiri lilivyoweza kulipwa. La pili nalilipa mimi kwa karatasi hii.

Boma lenyewe halipo tena. Mwaka 2014 baba mdogo alinipelekea habari kuwa anayang'oa magogo, na kama nataka kuwapo nije. Hiyo ndiyo ilikuwa salamu yake ya kwanza baada ya kunyamaza. Nalikwenda, tukafanya kazi pamoja tangu asubuhi. Katikati, magogo mengi yalikuwa yamekwisha. Mchwa walikuwa wamepanda kupitia udongo ulioshindiliwa, wakayala kwa ndani, yakabaki magamba yaliyosimama kwa mazoea. Lakini tulipofika chini, kwenye vitako alivyovichoma babu, shoka liliruka. Vilikuwa vyeusi na vizima. Baba mdogo alikigeuza kimoja mikononi mwake, akakinusa, akanipa na mimi nikinuse. Bado kilikuwa na harufu ya moto.